Filamu Hurudi kwa Wenyewe

Mwaka 1966, Tunjuelito, kusini mwa Bogotá, palikuwa nusu mji nusu shamba. Kwenye miinuko yake familia nzima zilifyatua matofali: wakubwa wakichimba na kukanda udongo, watoto wakibeba matofali mgongoni. Viwanda hivyo vya udongo huitwa chircales. Mwenye ardhi hakuonekana. Katikati alikuwepo mtu aliyeikodi ardhi kwake. Chini kabisa ndipo ilipokuwa familia, iliyolipwa kwa hesabu ya matofali, na kibanda ilimolala kilikuwa papo hapo kwenye ardhi ya tajiri. Ukigombana na kazi, umegombana na paa pia.

Huko ndiko alikoingia Marta Rodríguez, aliyezaliwa 1933, pamoja na mwenzake Jorge Silva. Marta alikuwa amesoma sosholojia na Camilo Torres, yule padre aliyeacha upadre, akaingia msituni na waasi na kuuawa Februari 1966. Alikuwa pia amekwenda Paris kujifunza kwa Jean Rouch, Mfaransa aliyezoea kupiga filamu Afrika Magharibi na kisha kuwarudia wavuvi na wawindaji walewale aliowapiga ili wajione na waseme. Jorge hakuwa na chuo. Kamera alijifundisha mwenyewe. (Msomaji anisamehe, hapo ndipo nilipoanza kumpenda.)

Walikaa na wafyatua matofali kwa miaka. Mwanzoni hawakuja na kamera ya sinema, walikuja kusikiliza na kurekodi sauti. Hela hazikuwepo, filamu yenyewe ya kupigia ilikuwa ghali, kwa hivyo hawakuweza kupiga ovyo hata kama wangetaka. Chircales ilikamilika 1972, nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja. Kuna sehemu ambapo binti anapita kati ya matofali akiwa na gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza. Sitaieleza zaidi ya hapo. Mwaka huohuo filamu ilipata Njiwa wa Dhahabu katika tamasha la Leipzig, Ujerumani Mashariki.

Lakini kabla Leipzig haijaiona, kuna watu waliokuwa wamekwisha kuiona ikiwa bado vipande vipande: wafyatua matofali wenyewe. Waliwekewa picha, wakaulizwa. Majibu yao yakaingia katika uhariri.

Nataka tukae kwenye hilo onyesho la kwanza, lisilo na tuzo wala zulia jekundu, kwa sababu vitabu vya historia ya sinema hulipita mbio. Vinamtaja mwelekezi, vinataja mwaka, vinataja tuzo, kisha vinahamia filamu inayofuata. Mimi naona katika Amerika ya Kusini ya miaka hiyo, hasa katika kazi ya wanawake, kuonyesha filamu ilikuwa sehemu ya kuitengeneza. Ukikubali hilo, orodha ya waelekezi inabadilika. Wanawake walioandikwa kama wasaidizi, wake, au wasambazaji wanaanza kuonekana.

Nilifikaje huku? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo naandika vitu vya kulipwa kwa neno. Kazi hii ina uzuri mmoja: unalipwa kusoma mambo ambayo hayana mtihani. Mwaka juzi niliombwa niandike maelezo mafupi ya jioni kadhaa za filamu za mtaani, huko Marekani, za kusherehekea waelekezi wanawake wa Kilatina na wa jamii asilia. Maneno 80 kwa kila filamu. Nilipewa orodha, nikapewa viungo vya kutazama, na usiku huo sikulala.

Nilichoshangaa kwanza ni hilo bango. Kwa nini Walatina na jamii asilia wawekwe pamoja? Jibu moja ni kalenda. Marekani ina Mwezi wa Urithi wa Wahispania, kuanzia Septemba 15 hadi Oktoba 15. Ulianza kama wiki moja mwaka 1968, ukawa mwezi mzima 1988. Halafu Jumatatu ya pili ya Oktoba, siku iliyokuwa ya Columbus peke yake, miji mingi sasa inaiadhimisha kama Siku ya Jamii Asilia, Berkeley ikiwa imetangulia mwaka 1992. Ukiwa na ukumbi, projekta na bajeti ndogo, unaunganisha. Si vibaya. Ila neno "Latina" ni neno la Marekani zaidi. Marta Rodríguez kwake ni Mkolombia. Na mwanamke Mnasa wa Cauca au Mtsotsil wa Chiapas anaweza kukuuliza kwa nini umemweka kwenye kapu moja na watoto wa Wahispania waliomnyang'anya ardhi. Bango halina nafasi ya kumjibu.

Basi, turudi nyuma kidogo, na tupande juu zaidi milimani: Bolivia.

Mwaka 1969 kundi la Ukamau, likiongozwa na Jorge Sanjinés, lilitoa Yawar Mallku, yaani Damu ya Kondori. Filamu inahusu wanawake wa Kiquechua wanaofungwa kizazi bila kujua, katika kliniki ya Wamarekani wanaojiita wajitolea. Serikali ilijaribu kuizuia, watu wakaandamana, ikaachiliwa. Miaka miwili baadaye, 1971, Bolivia iliwafukuza Peace Corps. Filamu ilichangia kiasi gani, wanahistoria waendelee kubishana. Kwamba ilichangia, hilo halina ubishi.

Kisa cha namna ilivyopigwa kinajulikana sana, lakini acha nikirudie. Kundi lilifika kijiji cha Kaata likiwa limezungumza na kiongozi wa kijiji, likidhani hiyo inatosha. Watu wakawanunia. Kazi haikusonga hata kidogo mpaka walipokubali kupimwa katika kikao cha usiku, ambapo mganga alisoma majani ya koka kuona kama nia yao ni njema. Majani yakasema ndiyo. Sanjinés alikuja kuandika kwamba walikuwa wameingia kama wazungu wanavyoingia, kwa kumtafuta mkubwa mmoja, wakati huko neno ni la jamii nzima.

Kilichonivutia zaidi ni kilichotokea baadaye, filamu ilipobebwa kwenda kuonyeshwa kwa wakulima. Hadithi ya Yawar Mallku inarukaruka, inarudi nyuma na kwenda mbele. Ndivyo filamu za Ulaya zilivyokuwa zikisifiwa kwa kufanya. Wakulima hawakuipenda namna hiyo. Wale waliotengeneza wakaondoka na somo: lugha ya filamu hii si ya watu hawa, tuibadilishe. Wakaacha kurukaruka na wakati. Wakaacha kumng'ang'ania shujaa mmoja kwa picha za uso kwa karibu, wakaanza kupiga kundi zima kwa picha ndefu zisizokatwa. Katika El coraje del pueblo ya 1971, kuhusu mauaji ya wachimba migodi wa Siglo XX usiku wa San Juan, Juni 1967, walionusurika ndio waigizaji. Domitila Barrios de Chungara, wa Kamati ya Wake wa Wachimba Migodi, anaigiza maisha yake mwenyewe.

Sasa weka hilo kando ya historia yetu. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza walifanya jaribio la sinema ya kuelimisha Waafrika wakiwa na makao Vugiri, Usambara, na lori lao likazunguka Tanganyika, Kenya na Uganda likionyesha filamu usiku. Vita vilipoanza 1939 kikaundwa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria. Sellers naye aliona kwamba watazamaji wa vijijini hawakushikana vizuri na filamu zinazokatwakatwa na kurukaruka. Uamuzi wake ukawa: Mwafrika asiyejua kusoma akili yake haijazoea, mpe filamu za polepole, rahisi, zisizo na hila. Watu wazima waliokuwa wakifuatilia ngano za usiku kucha, zenye nyimbo na vitendawili ndani yake, wakahesabiwa kuwa wagumu wa kuelewa.

Yaani jambo lilelile limeonekana milimani Bolivia na vijijini Afrika. Mmoja akasema kasoro iko kwa mtazamaji, mwingine akasema iko kwa filamu. Tofauti ni kwamba wa pili alibaki pale taa zilipowashwa, akakaa chini, akauliza.

Na ni nani hasa aliyebaki akauliza? Hapa ndipo jina la Beatriz Palacios linapostahili kutajwa kwa sauti. Alizaliwa Bolivia 1952, akajiunga na Ukamau katika miaka ya 1970, wakati kundi liko uhamishoni baada ya mapinduzi ya Banzer ya Agosti 1971. Alikuwa mtayarishaji, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuzifikisha filamu kwa watu: kwa wakulima, kwa wachimba migodi, kwa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1983 alielekeza pamoja na Sanjinés Las banderas del amanecer, kuhusu miaka ya watu kudai demokrasia yao. Alifariki 2003 akiwa bado anataka kutengeneza filamu yake mwenyewe ndefu. Haikukamilika.

Ukitafuta jina lake katika orodha nyingi za waelekezi wanawake wa Amerika ya Kusini, humpati, au unampata kwenye mstari mmoja akiwa mke wa Sanjinés. Lakini fikiria kazi hiyo. Makopo ya filamu ya milimita 16 ni mazito. Projekta nayo. Pale pasipo na stima unahitaji jenereta, na jenereta inahitaji mafuta, na barabara ya kule juu si ya mchezo. Ukifika, unangoja giza. Halafu filamu ikiisha ndipo kazi inapoanza, maana watu wataongea mpaka usiku wa manane, na mtu fulani lazima asikilize na akumbuke. Kila badiliko la lugha ya Ukamau lilitoka katika maongezi ya namna hiyo. Mtu anayeyaleta maongezi hayo kwenye meza ya uhariri ana mkono katika filamu.

Mwaka 1971 huohuo, Toribío, katika mkoa wa Cauca kusini magharibi mwa Kolombia, jamii asilia ziliunda baraza lao, CRIC, kudai ardhi. Mojawapo ya mambo waliyoyakataa ni terraje: mwenyeji anaishi kwenye kipande cha ardhi iliyokuwa ya babu zake, na ili aruhusiwe kulima kidogo anamfanyia tajiri kazi siku kadhaa bila malipo. Mjukuu wa skwota wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa zaidi.

Marta na Jorge walikwenda kuishi na watu wa Coconuco huko Cauca. Walianza kupiga katikati ya miaka ya 1970, na Nuestra voz de tierra, memoria y futuro ikatoka 1982. Ukiitazama leo utashangaa kwamba ni filamu ya siasa. Kuna shetani ndani yake. Shetani amepanda farasi, amevaa kinyago, na ana mavazi ya tajiri. Watu wa Coconuco wana simulizi kuhusu mahali ambapo shetani anakaa na ng'ombe wake, na walipoonyeshwa yaliyopigwa, na kuzungumza kwa miaka na hao wageni wawili, walitaka simulizi hilo liingie. Kwao mwenye shamba na shetani hawakuwa mambo mawili: mtu wa kwanza kukata waya wa ua wa shamba la tajiri alilazimika kwanza kushinda woga ambao mababu walimrithisha. Mwanasiasa wa mjini angesema huo ni ushirikina, ondoa. Marta hakuondoa. Watu walewale wakaigiza.

Kwa hivyo ukiona jina la Marta Rodríguez kwenye bango, ujue nyuma yake kuna ukumbi mzima wa watu wanaosema "hapana, haikuwa hivyo".

Bado hapo kamera ilikuwa mikononi mwa mtu wa mjini. Mwaka 1985 jambo dogo lilitokea San Mateo del Mar, Oaxaca, Mexico, kwenye kipande cha mchanga kati ya wangwa na bahari ya Pasifiki. Wanaoishi pale ni Waikoots, wavuvi. Jirani na serikali waliwazoea kwa jina la Wahuave. Taasisi ya serikali ya mambo ya jamii asilia ilipeleka warsha ya filamu, na waliofundishwa walikuwa wanawake wafumaji wa kijiji. Kamera zilikuwa za Super 8, zile ndogo za nyumbani. Mmoja wao, Teófila Palafox, mfumaji na mkunga, akatengeneza filamu fupi kuhusu maisha ya familia moja ya Kiikoots. Jina lake kwa lugha yao ni Leaw amangoch tinden nop ikoods. Huhesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kuelekezwa na mwanamke wa jamii asilia Mexico.

Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote katika ile orodha. Hakuna anayeeleza sana. Mtu anakwenda kuvua, mtu anapika, mtoto yupo, upepo upo. Mtaalamu wa kutoka mjini angekatia picha pale anapoona "utamaduni": sherehe, vazi, ngoma. Teófila anaacha kamera kwa mikono inayofanya kazi kwa muda ambao kazi huchukua. Labda ni kwa sababu mfumaji anajua kitu hakiishi kabla hakijaisha. Au labda namtungia sababu, na yeye alikuwa anapiga tu anachokijua. Vyovyote vile, hadhira aliyoiwazia haikuwa mimi wa Nairobi. Ilikuwa watu ambao wangemtambua kila aliyemo kwa jina.

Baada ya hapo mambo yanaongezeka haraka, nami nitapita haraka. Miaka ya 1990 video ilishusha gharama, na Marta mwenyewe akageuka mwalimu, akiendesha warsha za vijana wa jamii asilia Cauca. Bolivia ikawa na mtandao wa wapiga video vijijini ambao, kila kazi ikikamilika, hubeba televisheni na jenereta kijiji hadi kijiji. Huko Guelatao, milima ya Oaxaca, Luna Marán, mwanamke Mzapoteki, alikuwa miongoni mwa waliojenga kambi ya filamu inayozunguka na ukumbi wa sinema wa jamii, kisha 2019 akatoa Tío Yim, filamu kuhusu baba yake mwanamuziki na pombe na nyumba yao. Ángeles Cruz, Mmixteko, akafuata na Nudo mixteco mwaka 2021. Hawa hawahitaji mtu wa kuwapa sauti. Wanahitaji stima isikatike.

Sasa nimeiruka kwa makusudi filamu moja ya Marta, ile iliyonifanya niwashe simu saa nane usiku na kumtumia shangazi yangu ujumbe. Amor, mujeres y flores, 1988. Mapenzi, wanawake na maua.

Kolombia ilianza kuuza maua nje katikati ya miaka ya 1960, na sisi tukafuata si muda mrefu baadaye. Sababu ni zilezile: nyanda za juu karibu na ikweta, mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima, uwanja wa ndege usio mbali, na wanawake wengi wanaotafuta kibarua. Maua ya Bogotá yanakwenda Miami. Ya Naivasha yanakwenda Amsterdam. Wanawake katika filamu ya Marta na Jorge wanafanya karnesheni ndani ya vitalu vya plastiki, na wanasimulia kuhusu dawa: kuumwa kichwa, kuzirai, magonjwa yaliyowafuata nyumbani. Filamu inauliza inakuwaje dawa iliyopigwa marufuku nchi inakotengenezwa iuzwe kwao. Inawaonyesha wakijipanga kudai haki zao. Jorge alifariki 1987 kabla haijaisha. Marta akaimalizia peke yake.

Shangazi yangu alifanya maua Naivasha miaka kumi na moja. Ujumbe wake wa asubuhi ulikuwa mfupi: "Leta hiyo kitu huku."

Nikaipeleka. Tulingoja msimu wa Februari upite, maana kabla ya Valentine hakuna mtu wa maua mwenye Jumapili. Ukumbi mdogo wa kanisa huko Karagita, leso zimetundikwa madirishani kuzuia mwanga, shuka jeupe ukutani, projekta ya kukodi, spika za kwaya. Walikuja wanawake kama thelathini, wengine na watoto. Filamu ni ya Kihispania na ina maandishi ya Kiingereza chini, kwa hivyo nilisimama kando na kipaza sauti nikitafsiri kwa Kiswahili kadiri inavyokwenda.

Haikwenda mbali. Dakika ya kumi hivi mama mmoja wa mbele aliinua mkono: "Kijana, simamisha hapo." Nikasimamisha. Hakuwa na swali kwangu. Aliwageukia wenzake akauliza, kwenu baada ya kupiga dawa mnangoja saa ngapi ndio muingie? Na ukumbi ukalipuka. Mmoja akasema kwao kibao kinawekwa mlangoni na huwezi kuingia, siku hizi mambo yamenyooka. Mwingine akasema kibao kipo lakini oda ikiwa kubwa kinatembea. Mwingine akasema mambo ya kupiga dawa watu wakiwa ndani yalikuwa ya zamani, ya wakati wa mama yake. Aliyekaa kando yake akacheka kicheko kisicho cha furaha. Dada mmoja mchanga alisema chama kipo, mkataba upo, shida ni kuwa nani ameusoma. Filamu ya dakika zisizofika sitini ilichukua alasiri nzima, na tokeni za stima zikaisha kabla hatujafika kwenye sehemu ya kujipanga. Tukamalizia kwa laptopu, watu wamejipanga nyuma ya mabega yangu kama wanaotazama mpira.

Shangazi hakusema neno siku hiyo. Aliporudi nyumbani ndipo aliniambia kuna mwanamke katika filamu anayekohoa kama rafiki yake fulani waliyekuwa wakifanya naye upande wa kupanga maua kwa urefu, ambaye alirudishwa kwao Busia na hakurudi tena.

Nilipokuwa nasoma kuhusu Ukamau, nilikuta kwamba katika El enemigo principal, filamu yao iliyopigwa Peru miaka ya 1970, waliweka msimulizi, mzee kiongozi wa wakulima aitwaye Saturnino Huillca, anayejitokeza na kuwaambia watazamaji kitakachofuata kabla hakijatokea. Wahakiki wa Ulaya waliona hiyo ni mbinu kali ya kisasa. Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Kenya, ambako DJ Afro anakwambia nani atapigwa kabla hajapigwa, anaona ni jambo la kawaida kabisa. Unajua kinachokuja, kwa hivyo badala ya kushtuka unaanza kufikiri kwa nini kinakuja.

Nalisema hili kwa sababu ya Jumapili iliyofuata. Habari zilikuwa zimesambaa na walioikosa waliitaka. Safari hii walikuwa wengi zaidi, na wanaume watatu wanne wamesimama mlangoni wakijifanya wanapita. Nikawasha, nikachukua kipaza sauti, nikaanza kusoma maandishi. Sijamaliza sentensi ya tatu, shangazi akaja mbele na kunyoosha mkono.

"Lete. Wewe hujafanya hii kazi."

Nikampa. Hakusoma maandishi. Kiingereza kile cha chini hata hakukitazama. Alitazama mikono ya wale wanawake na akaanza kusema wanachofanya: huyu anatoa vichipukizi vya pembeni, hiyo ukikosea supavaiza anakuita, huyu anakata, angalia anakata na jicho, hana rula, huyo wa nyuma amechoka, mwone mguu wake. Akawapa majina ya watu wa pale ukumbini, na kila jina likitajwa kicheko kinaibuka upande mmoja. Ilipofika sehemu ya wagonjwa alipunguza sauti, akalitaja jina la rafiki yake wa Busia, akaeleza alivyoanza, kwanza macho, kisha kifua. Hakuna aliyecheka. Bogotá ilikuwa inasema mambo yake ukutani na hakuna aliyekuwa anaisikia tena.

Aliponyamaza kidogo kupumua, mtu wa nyuma alimwambia aendelee.